Medali Iliyosuguliwa kwa Majivu

Shiru, wewe na wenzako wa karakana,

Mlinipa keki, mkanipa shuka na saa ya ukutani, halafu mkaniambia, "Mama Wafula, tuandikie kitu kuhusu kazi, usituachie tu hizi vyuma." Saa ya ukutani kwa mtu anayestaafu! Nani alifikiria hiyo? Mtu ameshaacha kazi ndiyo mnamletea kitu cha kumpigia kelele ukutani. Haya, nimekubali. Nimekaa hapa nyumbani Jericho na kalamu ya wino, si ya chuma, na ninaandika. Nilikusudia kuwapa mambo ya kazi tu, mazuri na ya kuchekesha. Juzi Jumamosi kikatokea kitu nyumbani kwangu, na sasa sijui kama kuna la kuchekesha litakalobaki. Mtasoma wenyewe.

Nilifika soko la Kariokor, hapa Nairobi, nikiwa msichana, nikitafuta kazi ya kushona mikoba. Wenye ngozi wakaniangalia vidole, wakasema ni vyembamba, sindano ya ngozi itanishinda. Mmoja akanielekeza kwa Mzee Mbugua, fundi wa kuchora majina kwenye vyuma, nyuma ya wale wanaokata viatu vya tairi. Mzee alikuwa mtu wa Murang'a, mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, na hakuwa na habari na salamu. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, bakuli la lami ya kushikilia kazi isiteleze, na kalamu za chuma zimepangwa kwa ukubwa.

"Kairitu," aliniita, yaani msichana kwa lugha yao, "unajua kuandika?"

Nikamwandikia jina langu kwenye karatasi kwa mwandiko wa shule, wenye mikia mizuri.

"Huku si kuandika," akasema. "Huku ni kukimbia. Mkono ukisimama katikati ya herufi, chuma kinaonyesha."

Akanipa kipande cha shaba na kalamu ya chuma, ile inayosukumwa kwa kiganja, akaniambia nikate herufi S mpaka aseme basi. Hakusema basi. Nilikata S mpaka nikawa naziota. Mkono ulifura, kiganja kikatoka malengelenge, na nyumbani mama yangu akauliza ni kazi gani hii ya kukwaruza bati kutwa nzima. Nyinyi mmekuja na mashine yenu ya mwanga, mnaandika jina kwenye kompyuta, mnabonyeza, mnaenda kunywa chai. Siichukii ile mashine. Haijawahi kunijibu vibaya. Lakini haijui jina linauma kiasi gani linapokosewa.

Hilo ndilo Mzee alilonifundisha kabla ya kitu kingine chochote. Tulikuwa tunachora vikombe vya mashindano, ngao za shule, na vibao vya majeneza. Kikombe kikikosewa, watu wanacheka. Kibao cha jeneza kikikosewa, watu wanalia upya. Kwa hiyo utaratibu ukawa hivi, na ninaomba msiuache: mfiwa asiandike mwenyewe, kwa sababu mkono wake unatetemeka na macho hayaoni. Akutajie, umwandikie wewe kwenye karatasi, halafu akusomee kwa sauti, herufi moja baada ya nyingine. Akifika mwisho umuulize tena, "Ni hivyo?" Wengine watakukasirikia. Wacha wakasirike.

Vioja vilikuwepo. Mwenyekiti mmoja wa timu ya mtaani, mtu wa Bahati, alileta kikombe siku moja kabla ya fainali akataka jina la timu yake lichorwe kabisa, eti asipoteze wakati. Nikamchorea. Wakafungwa. Jioni ile alirudi amebeba kikombe ndani ya gunia, ananiambia, "Mama, futa." Nikamwambia hapa hatuna kifutio, labda akafute yale magoli. Tulikikwangua mpaka kikapata bonde ubavuni, na waliokishinda walilalamika mpaka msimu uliofuata.

Kukwangua huko ndiko kuliniletea somo kubwa la Mzee Mbugua. Siku moja alikuja mtu wa Shauri Moyo na baisikeli yake aliyoikuta kwa mwizi. Namba ya kwenye chuma ilikuwa imepigwa tupa mpaka pakawa laini, na polisi wakamwambia athibitishe kuwa ni yake. Mzee akapiga magoti pale chini, akapangusa chuma kwa mafuta ya taa, akachovya pamba kwenye tindikali.

"Angalia," akaniambia. "Usipepese."

Akapitisha pamba polepole, mara ya kwanza, ya pili. Mara nikaona kivuli cha kijivu kinapanda pale palipokuwa patupu. Namba! Ilikaa muda wa mtu kuisoma, kisha ikazama. Nilipiga kelele mpaka wakata viatu wakaja kuchungulia.

"Chuma kikipigwa muhuri kinaumia mpaka ndani," Mzee akanieleza. "Ukikikwangua juu, maumivu yanabaki chini. Tindikali inayajua." Halafu akaniangalia na yale macho yake makavu. "Lakini yana mwisho, kairitu. Ukikwangua mpaka ukayapita, hakuna kitu kitakuja. Hata umwage ndoo nzima."

Sisi tuliita kazi hiyo kuita jina. Niliifanya mara nyingi baada ya Mzee kufa: vikombe vya kanisa vilivyoibwa, mashine za cherehani, bunduki moja ya askari wa zamani iliyonitia hofu. Mambo ya jinsi nilivyoachiwa karakana na nani alinuna, hayo nayaruka, hayana utamu wowote. Nataka niwaambie habari ya Selina, ambayo Shiru unaijua nusu na wengine mliisikia kwa mbali.

Ilikuwa mwaka jana. Nilikuwa nyuma nanoa kalamu, Shiru akaja mbio.

"Mathe, kuna shosho hapo nje ako na medali za vita. Za kitambo, mathe! Na anakutaka wewe, mimi amenikataa kabisa."

Nikatoka. Nikaona mama mzee, mrefu, amejitanda leso, ngozi nyeupe yenye madoa ya jua, nywele chache zilizochungulia zikiwa za rangi ya kutu. Mtaani watu wa namna hiyo, machotara wa Mzungu na Mwafrika, wanaitwa pointi, na najua ameitwa hivyo tangu azaliwe. Alinishinda umri kidogo. Nilikuwa nimemwona Gikomba akiuza mapazia ya mtumba, bila kujua jina lake.

"Wewe ndiye Mama Wafula unayeita majina?" akauliza.

"Ndiye mimi, dada. Karibu, keti."

Hakuketi. Alitoa mkebe wa majani chai ndani ya kikapu, akaufungua kama mtu anayefunua mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na nishani mbili za madini ya fedha, nyeusi kwa kukaa sana. Moja ilikuwa msalaba, nyingine ya duara. Tepe zake zilikuwa zimefuliwa kwa sabuni ya kipande mpaka mistari ya zambarau ikawa rangi ya chai iliyopoa. Nilipoishika ile ya duara nikashtuka. Ilikuwa laini mno. Kichwa cha mfalme kilichokuwa juu yake kilikuwa kimebaki uvimbe tu, bila pua wala jicho, mfano wa kipande cha sabuni kilichobakia bafuni.

"Za nani hizi?" nikamuuliza.

"Za baba yangu," akasema. "Na nataka uniambie anaitwa nani."

Shiru alikuwepo hapo, lakini alipigiwa simu na mteja akaondoka, kwa hiyo haya aliyoniambia Selina aliniambia mimi. Mama yake aliitwa Rasoa, mtu wa kwetu magharibi, aliyekuja Nairobi akapanga chumba Majengo. Alikuwa anawapikia chai na uji watu wa ofisi moja ya kuchora ramani. Mmoja wao alikuwa Mzungu aliyepigana ile vita kubwa, na watu wote pale walimwita Bwana Ramani. Kwenye vita alikuwa ndani ya ndege za mabomu. Hakuwa dereva wala mwenye kuachilia mabomu. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na taa ndogo, ramani na penseli, na kumwambia dereva mko hapa, pinda hivi, nyumbani ni kule.

Nishani ya duara alipewa akiwa sajini. Ndege yao ilipigwa, dereva akaumia, vyombo vikavunjika, na yeye mwenyewe akiwa na chuma pajani aliendelea kupiga hesabu zake kwa penseli na nyota mpaka akawarudisha wenzake wote nyumbani wakiwa hai. Msalaba alipewa baadaye, akiwa ameshafanywa ofisa, kwa kurudi na kurudi tena kule wengi walikokwenda wasirudi. Hayo alimsimulia Rasoa mwenyewe. Na Rasoa alimwambia binti yake kwamba yule mtu hakuwa na usingizi. Alikuwa akishtuka kitandani, jasho linamtoka, anauliza, "Tuko wapi? Tuko wapi?" Na Rasoa anamjibu, "Tuko Majengo, Bwana. Lala."

Nilicheka hapo, na Selina naye akacheka. Ndiyo mara pekee tuliyocheka.

Mtoto akiwa anatambaa, Bwana Ramani akaitwa kwao. Alikuwa na mke huko, bila shaka, wote walikuwa nao. Alimletea Rasoa nishani zake zote mbili ndani ya soksi, akamwambia, "Muwekee mtoto. Akijua kusoma, jina langu liko hapa ukingoni." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa ile ya duara amwonyeshe. Jina lenyewe lilikuwa la kuvunja ulimi, na Rasoa hakuweza kulitamka hata siku moja. Hakuona shida. Si limeandikwa?

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaharibu hakuwa na kosa. Rasoa hakujua kusoma. Lakini alijua kutunza nyumba. Nyinyi vijana mna masufuria yasiyoshika moto, hamjui. Zamani mwanamke wa mtaani alipimwa kwa masufuria yake. Kila Jumamosi mnatoka nje, mnasugua kwa majivu na mchanga, mnaanika juani, na jirani akipita anaona uso wake kwenye sufuria lako anajua humu mna mwanamke. Na kila Jumamosi Rasoa alisugua masufuria, akamaliza kwa nishani za Bwana Ramani, kwa majivu yale yale, ili siku akirudi asikute zimechafuka.

Selina akaenda shule. Alipojua kusoma sawasawa, mama yake akapika chapati, akamvalisha gauni la kanisani, akamkalisha kitini, akampa ile medali inayong'aa.

"Soma jina la baba yako," akamwambia.

Mtoto akaizungusha. "Mama, hapa hakuna kitu."

"Soma vizuri! Wewe si unaenda shule?"

"Mama, hakuna."

Rasoa aliona vile vimistari vya mchanga kwenye ukingo, na kwake yeye maandishi yote yalikuwa vimistari. Alidhani ada yake imeliwa na mtoto mvivu. Akampiga Selina, zile chapati zikipoa pale mezani. Kesho yake akamburuta mpaka kwa mwalimu kushtaki. Mwalimu akaichukua ile medali, akaigeuza geuza, akamuuliza, "Mama, umekuwa ukiisafisha na nini?"

"Tangu siku ile," Selina aliniambia, "mama hakusugua tena sufuria. Yakawa meusi mpaka majirani wakasema Rasoa amekuwa mchafu. Hakuwaeleza. Na hakunipiga tena, hata nilipokosea kweli."

Nikaigeuza ile medali mkononi.

Sasa mnaweza kuuliza, jina la mtu aliyekutoroka unalitafutia nini uzeeni? Mimi pia nilimuuliza, kwa upole. Akaniambia ana ugonjwa tumboni ambao madaktari wameacha kumdanganya. Na nyinyi mnajua sisi watu wa magharibi: mtu hulazwa kwa baba yake, au mwanamke kwa mume wake. Selina hakuolewa, na mtoto hakujaliwa. Walipomzika Rasoa nyumbani kwao, wajomba walimwambia pale pale kaburini, udongo haujakauka, "Mama yako tumempokea. Wewe una kwenu." Kwao ni wapi? Alijua atazikwa Lang'ata kwenye makaburi ya wote, na hilo alikuwa amelikubali.

"Lakini pale kwenye kibao," akasema, "nataka kuwe na mtu. Selina wa fulani. Mama Wafula, nimeulizwa wewe ni wa nani tangu nikiwa mdogo, na sijawahi kujibu. Nataka nijibu hata nikiwa nimekufa."

Nikachukua lenzi yangu. Kwenye msalaba palisalia mwaka tu, nyuma, umechorwa kwa kina, na mwaka si mtu. Nikazungusha ile ya duara polepole chini ya taa. Mahali pamoja palikuwa na herufi tatu hafifu, za jeshi lao la anga. Nikaelewa kwa nini zilibaki: hapo ndipo Rasoa aliposhikilia kwa kidole gumba akisugua kwingine. Kidole chake kilikinga zile herufi ambazo kila askari wao wa anga alikuwa nazo. Jina lilikuwa upande wa majivu.

Nilimweleza Selina ukweli. Tindikali inaweza kuliita jina, na inaweza kula kilichobaki. Akasema ita. Tulifanya mchana, jua likiwa juu, Shiru ameshika simu achukue picha kila kitakachotokea, na Selina amenisimamia karibu nikisikia pumzi yake sikioni. Nikapitisha pamba. Hakuna. Nikapitisha tena. Kivuli kikapanda, chembamba, kimesimama wima.

"Umeona nini?" Selina akauliza.

"Mguu wa herufi."

"Herufi gani?"

"Mguu tu, dada. Herufi nyingi zina mguu."

Kikazama. Nikangoja, nikapitisha mara nyingine, mguu ule ule ukaja ukiwa mwembamba zaidi. Nikaiosha medali na maji, nikaweka pamba chini. Selina alinishika mkono kwa nguvu, akasema endelea, nikamwambia siwezi, nikiendelea ninaila. Ndipo akaketi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale.

"Aliwarudisha wenzake wote nyumbani gizani," akasema. "Mimi peke yangu alisahau kunionyesha njia."

Alilia kama mtoto, na mimi nikalia, na wewe Shiru ukazima simu ukatoka nje.

Ni wewe Shiru uliyepata lile wazo la chuo kikuu. Uliniambia kuna watu wa vyuma wenye mashine za kutazama ndani bila tindikali, zinazoona maumivu hata yakiwa ya mwisho kabisa. Uliwaandikia. Wakajibu kwamba chombo chao kimeharibika na kinatengenezwa, tungoje. Nikamwambia Selina kuna nafasi, lakini medali isiguswe na kitu. Isipanguswe hata kwa kitambaa.

"Basi kaa nayo wewe," akaniambia, akinisukumia mkebe. "Hawa kina mama wa chama wanaonitunza ni watu wazuri mno. Wataniosha mimi, wataosha nyumba, wataosha na hii. Wewe ndiye unayejua kutosugua."

Alifariki kabla ya chombo kupona. Kina mama wa Gikomba walimzika vizuri, na wajomba hawakuja. Kibao chake nilikichora mwenyewe kwa mkono, na kingine cha shaba kwa ajili ya msalaba wa kaburini. Niliandika Selina Rasoa, kisha nikaacha nafasi ya jina moja, kama alivyoniagiza. Mchimba kaburi aliniuliza kama shaba ilinishinda nikachoka. Nilimwambia kazi haijaisha, nitarudi na kalamu yangu nimalizie.

Halafu nikastaafu, mkanipa saa yenu. Na wiki iliyopita, Shiru, ukanipigia simu unapiga vigelegele: chombo kimepona, yule daktari wa vyuma wa chuo kikuu anatungoja Jumatatu asubuhi. Sikulala kwa furaha. Nilitoa mkebe kabatini, nikaufungua kuhakikisha. Nyeusi tii, zote mbili. Sijawahi kufurahia uchafu namna ile.

Jumamosi kina mama wa kanisa walikuwa waje kwangu kumshukuru Mungu kwa kustaafu kwangu. Mke wa Wafula, Janet, alikuja mapema kunisaidia. Mnamjua, msichana mzuri, mkono wake haukai bure. Mimi nilikwenda soko la Burma kununua nyama. Niliporudi nyumba ilikuwa imebadilika. Makochi yametandikwa vitambaa vyeupe, masufuria yote yako nje juani yanawaka, na sebuleni, juu ya meza ndogo, Janet amepanga ngao niliyopewa na shule moja, kikombe cha chama, na katikati, juu ya kitambaa cha kushonwa kwa mkono, nishani mbili. Ziling'aa mpaka nikakunja jicho.

"Mama, nilizikuta kabatini kwa mkebe," Janet akaniambia, uso wote tabasamu. "Zilikuwa nyeusi, aibu! Nimetafuta majivu kwa jirani, nikatia na mchanga kidogo. Nimesugua mpaka mkono ukauma. Kumbe ulipewa medali na hujatuambia!"

Wageni walikuwa wanaingia mlangoni nyuma yangu. Sikupata hata nafasi ya kuweka nyama chini. Wakaziona. Wakapiga vigelegele, wakanikumbatia, wakazipitisha mkono kwa mkono. "Mungu ni mwema!" "Kila wakati!" Mchungaji akaiinua ile ya duara juu, akasema huyu hapa mama aliyefanya kazi kwa uaminifu mpaka serikali ikamwona. Wakanipigia makofi. Mmoja akanibandika ule msalaba kifuani kwa pini ya leso, tukapigwa picha, na ndivyo nilivyokula chakula cha mchana nikiwa nimevaa ushujaa wa Bwana Ramani.

Walipoondoka nilichukua lenzi. Nilizungusha ukingo wote, nikarudia, nikaenda dirishani nikarudia tena. Hata zile herufi tatu hazipo. Janet ana mkono mzito kuliko Rasoa, na hakushikilia mahali pamoja. Amezungusha.

"Ziko sawa, mama?" akaniuliza akiwa jikoni.

"Ziko sawa," nikamwambia. "Asante sana, mama. Umefanya kazi."

Kwa hiyo Shiru, leo Jumatatu umenipigia simu tangu asubuhi na sijapokea, nimeweka simu chini ya mto. Mwambie yule daktari wa vyuma asitungoje. Siku ukipata nafasi tutapanda pamoja Lang'ata na kile kimashine chako kidogo cha kuchorea, uchore maua kwenye shaba pale nilipoacha wazi, watu wasidhani fundi alisahau. Mimi sitaweza kushika kalamu. Na tafadhali, Janet asijue kitu. Hajarudi kwake bado; yuko hapo nje sasa hivi, ameziosha tena medali na kuzianika na masufuria zikauke vizuri, na anamwonyesha jirani jinsi zinavyong'aa.